Safari Yenye Siku ya Kurudi

Thérèse Nabintu alikuwa amevuka mipaka mingi kuliko jirani yeyote wa mtaa wake wa Edmonton, kaskazini mwa London, lakini hata mmoja hakuuvuka kwa kupenda. Alizaliwa Walungu, kwenye vilima vya juu ya Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtoa huko akiwa msichana aliyechumbiwa, vikampitisha Uganda na kwingineko, mwisho vikamtua London na mumewe Norbert na begi moja. Miaka ikapita. Walipata makaratasi, wakapata uraia, wakamlea binti yao Shekinah mpaka akaingia chuo kikuu. Thérèse alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee iliyo karibu na kituo cha treni. Norbert alisafisha maofisi katikati ya jiji. Maisha yalikuwa yametulia, na kwa watu kama wao utulivu si jambo dogo.

Mambo yalianza siku ya mapumziko ya chai kazini, pale Lydia alipomsogezea simu. Lydia alikuwa nesi, Mkenya wa Nyeri, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi.

"Hebu ona mahali nilienda na dada yangu," alisema.

Kwenye picha palikuwa na mji mdogo wa Bavaria, kusini kabisa mwa Ujerumani. Nyumba zake zilikuwa na mapaa mapana ya mbao na maua mekundu chini ya kila dirisha, na kuta zake zimechorwa watakatifu na malaika kwa rangi, kama kanisa lililogeuzwa ndani nje. Thérèse alicheka alipoziona. Kisha akaisogeza simu karibu, maana nyuma ya nyumba zile ulisimama mlima. Haukuwa kilima cha bustani. Ulikuwa mlima wenyewe, wa mawe, umeuziba upande mzima wa mbingu.

Edmonton ni tambarare kama meza. Mtu akitaka kuona mbali hupanda ghorofa, na akifika juu huona ghorofa nyingine. Thérèse hakuwahi kulilalamikia jambo hilo, wala hakujua kwamba lilikuwa likimuuma, mpaka alipoishika simu ile.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Mbali ya nini? Ijumaa unapanda ndege, Jumapili uko nyumbani, Jumatatu unakuja shifti kama kawaida."

Jioni alimkuta Norbert akiosha vyombo. Alikuwa mtu mpole, mrefu, asiyependa makelele. Safari hakuzipenda pia. Hata alipokwenda Thornton Heath, upande wa pili wa jiji hilo hilo, kumwona kaka yake, aliaga nyumbani kama mtu asiyejua kama atarudi.

"Papa Shekinah," Thérèse alisema, "nataka twende milimani."

"Milima ya wapi?"

"Ujerumani. Ijumaa mpaka Jumapili."

Norbert aliyafunga maji ya bomba, akageuka. "Nani anakufukuza?"

Hakusema kwa mzaha. Thérèse alimtazama, akaelewa kwamba katika kichwa cha mumewe hakukuwa na sababu nyingine ya kufunga begi.

"Hakuna anayenifukuza," alijibu. "Ninataka tu kwenda kuona."

"Kwenda kuona," Norbert alirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni, na akavirudia vyombo vyake.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Thérèse aliamua kuanza na hilo.

Jumamosi alimwita Shekinah akae naye mbele ya kompyuta. Binti alivuta kiti, akanyoosha mkono, na kwa Kiingereza chake cha kila siku akasema, "Mum, nipe, nitamaliza sasa hivi."

"Hapana. Nionyeshe tu. Nitabonyeza mwenyewe."

"Itachukua siku nzima."

"Basi ichukue."

Ikachukua karibu siku nzima. Thérèse alichagua wikendi ya mwezi wa sita, jua linapochelewa kuzama. Alijifunza treni ya kutoka Munich kwenda milimani inaondokea upande gani wa stesheni. Alisoma kwamba nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa kule, akakata shauri kubeba mandazi matupu. Vyumba ndivyo vilivyomtoa jasho. Vilikuwa vingi, vyote vikijisifu. Mwishoni alichukua simu, akampigia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, wakaongea Kiingereza, kila mmoja na Kiingereza cha kwao.

"Dirisha linaona mlima?" Thérèse aliuliza.

"Mama, hapa kila dirisha linaona mlima," yule mwenye nyumba alijibu. "Isipokuwa la choo."

Thérèse akachukua chumba hapo hapo. Alipoweka simu chini Shekinah alikuwa akimwangalia kwa namna ambayo hakuizoea, kama mtoto anayegundua kwamba mama yake ana meno ya dhahabu.

Majuma machache baadaye ndege ikafutwa. Ujumbe ulimfikia akiwa kazini, akimvalisha mzee soksi. Ulisema kwa adabu nyingi kwamba kampuni inasikitika. Thérèse wa zamani angeona ni ishara, angesema Mungu hakupenda, basi. Thérèse huyu alimaliza soksi ya pili, akamfunika mzee miguu, akatoka kwenye korido na kupiga simu. Alisikiliza muziki wao mpaka akaukariri. Kijana wa upande wa pili alimwambia nafasi zilizobaki ni za juma lingine.

"Sitaki juma lingine," Thérèse alisema kwa utulivu. "Nyinyi ndio mliovunja ahadi, si mimi. Angalia kampuni nyingine, angalia uwanja mwingine wa hapa London. Nitangoja."

Akangoja. Lydia alipita na toroli la dawa, akasimama kusikiliza, akaacha hata kujifanya hasikilizi. Baada ya muda kijana akarudi na ndege nyingine ya Ijumaa ile ile, mapema zaidi kuliko ile ya kwanza.

"Wewe ni hatari," Lydia alimwambia.

Thérèse alijibu tu kwamba chai yake imepoa, lakini alirudi kwa wazee wake akitembea kama amevikwa kitenge kipya.

Lililobaki lilikuwa Norbert, na Norbert hakuwa kampuni ya ndege.

Aliposikia kwamba siku hizi mpakani wanawachukua wageni alama za vidole na picha, aliweka kijiko mezani. Usoni hapakuonekana kitu. "Nilikwisha kuzitoa," alisema. "Zile nilizotoa siku tulipofika zinatosha maisha yangu yote. Nenda na Lydia."

"Sitaki kwenda na Lydia."

"Mama Shekinah, mimi najua vyumba vile. Unaingia na jina, unatoka na namba. Sirudi humo kwa ajili ya kuona maua madirishani."

Thérèse hakubishana. Aliinuka, akaleta simu yake, akaiweka mbele ya sahani ya mumewe. "Soma hii."

"Ni tiketi."

"Soma mpaka chini."

Norbert akavaa miwani. Alisoma kwa midomo, kama alivyosoma Biblia. Kwanza ya kwenda, Ijumaa. Kisha kidole chake kikashuka na kusimama.

"Ya kurudi," Thérèse alisema. "Imeandikwa siku na saa. Toka tumeoana, umewahi kushika tiketi ya kurudi? Safari zote tulizokwenda walitupangia watu wenye bunduki, na watu wa malori, na watu wa makaratasi. Hii nimeipanga mimi. Nimeipanga kwenda, nimeipanga na kurudi. Kitanda chako kitakuwa hapa hapa, na Shekinah atakuwa hapa hapa, na Jumatatu utakwenda kazini umechoka miguu tu."

Norbert aliendelea kuangalia simu hata baada ya kioo kuzimika. Kisha akavua miwani, akaenda kulala. Thérèse hakumsukuma. Alijua mumewe ni mtu wa moto wa makaa: unauwasha, kisha unauacha.

Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akavua koti, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Nimeomba ruhusa kazini," alisema.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nakwenda kutembea." Akajikuna kidevu. "Msimamizi aliniuliza kutembea wapi. Nikamwambia sijui sawasawa, amuulize mke wangu."

Ijumaa ile, katika foleni ya uwanja wa ndege wa Munich, Thérèse alipita kwanza. Kisha ilimbidi asimame ng'ambo ya mstari wa njano, amwangalie mumewe akiachwa peke yake mbele ya kibanda cha kioo. Askari wa mpakani alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele za kusuka. Alimwonyesha Norbert mahali pa kuweka vidole. Akaviweka. Mashine ikakataa. Akaviweka tena, ikakataa tena. Thérèse alisogea mpaka kwenye mstari. Alijiuliza kama alikuwa amemfanyia vibaya mtu aliyempenda, kumtoa nyumbani kwake salama na kumrudisha mbele ya kioo kwa ajili ya tamaa ya mlima.

Yule askari akampa karatasi laini ya kufutia vidole. Akangoja, bila haraka. Mashine ikakubali. Kisha akauliza swali, na Thérèse akasikia.

"Unarudi lini?"

Norbert aliinua kichwa. Akanyoosha mabega, na urefu wake wote ukaonekana.

"Jumapili jioni," alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka. "Mke wangu amepanga kila kitu."

Yule mwanamke akamtazama Thérèse ng'ambo ya mstari, akatabasamu, akamrudishia Norbert pasipoti. Norbert akavuka. Akatembea hatua chache, akasimama katikati ya njia watu wakimpita na masanduku yao.

"Wale wa zamani waliniuliza kwa nini nimekuja," alimwambia mkewe. "Huyu ameuliza narudi lini tu."

"Nimesikia."

"Swali zuri."

Kwenye treni hakulala kama alivyozoea kwenye basi. Alikaa dirishani, na tambarare ilipoanza kukunjamana, kisha kuinuka, alianza kutaja. Mteremko ule ungefaa maharage. Pale wangepanda viazi. Ng'ombe wale wanalishwa vizuri. Thérèse alikuwa akilia kidogo, kilio chepesi kisichohitaji kitambaa. Jioni mama wa nyumba ya wageni aliwafungulia dirisha, na mlima ulikuwa pale, karibu kiasi kwamba Norbert alirudi nyuma hatua moja.

Jumamosi mpango ukavunjika. Thérèse alikuwa amepanga wapande kileleni kwa kile kijumba cha kioo kinachovutwa kwa waya, lakini upepo wa juu ulikuwa mkali na kijumba kilifungwa kwa siku nzima. Alisimama mbele ya tangazo akiwa amebeba mandazi yake, akihisi aibu imempanda shingoni.

"Nilikuwa nimekata tiketi," alisema.

Norbert alikuwa akitazama upande mwingine, kwenye njia ya udongo iliyoingia msituni. "Ile inakwenda wapi?"

Palikuwa na kibao. Thérèse akasoma: inakwenda ziwani, kupanda.

"Miguu tunayo," Norbert alisema, na akatangulia.

Walipanda. Njia ilikuwa kali mwanzoni, na Thérèse, ambaye kwa miaka hakupanda kitu kirefu kuliko ngazi za stesheni, alihema mpaka akacheka kwa kuhema kwake. Lakini mwili hausahau. Baada ya kona chache alijikuta ameinama mbele kidogo, anakanyaga kwa wayo mzima, kama alivyofundishwa na mama yake akiwa na kuni mgongoni. Wazungu wenye fimbo mbili mbili waliwapisha na kuwaamkia. Norbert aliwaitikia wote, mmoja mmoja, kwa Kiswahili.

Juu wakakuta ziwa dogo, kijani, limetulia kati ya misonobari, milima imesimama kulizunguka. Thérèse akaketi kwenye nyasi afungue chakula. Alipogeuka mumewe alikuwa amevua viatu, amevua shati, amebaki na kaptula yake ya kawaida.

"Papa Shekinah, maji ni baridi."

"Nimezaliwa kando ya ziwa," alisema, na akaingia.

Alizama. Akaibukia mbali, akipuliza maji, na akaanza kuogelea kwa mikono mirefu ya taratibu, hadi katikati. Thérèse hakuwahi kumwona akiogelea. Walikuwa wameoana, wamekimbia, wamezaa, wameanza kuzeeka pamoja, na kulikuwa na jambo hili zima la mumewe ambalo London haikuwahi kulipa nafasi. Akaacha mandazi, akakunja kitenge magotini, akaingia mpaka kwenye mapaja. Maji yalimuuma kama meno. Akabaki humo humo, mikono kiunoni, akiyatazama yale yote kama mtu anayekagua shamba lake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada kanisani Edmonton, wanawake walimzunguka kwenye ukumbi wa chai. Habari zilikuwa zimekwisha kufika, Lydia alikuwa amezisambaza kwa Wakongo na Wakenya pia. Mama mmoja aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kwenda hivi hivi tu, bila kualikwa. Mwingine aliuliza kama wanauza ugali. Thérèse aliwasikiliza, kisha akapanda juu ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Mwenye pasipoti ainue mkono," alisema.

Mikono ikainuka, mingine haraka, mingine ikisitasita. Thérèse alipitisha macho ukumbini, na tayari kichwani alikuwa akigawa vyumba.

Norbert, aliyekuwa akinywa chai na wanaume mlangoni, alipaza sauti juu ya vichwa vya watu.

"Waambie wabebe nguo za kuogelea."