Waliniaga Kabla Sijaitwa

Mpaka leo nikisikia vigelegele napandwa na hasira, na wa kulaumiwa ni wanawake wa jumuiya yetu ya Makoko. Walinifanyia sherehe ya kuniaga naenda chuo cha uuguzi wakati chuo chenyewe hakijaniita. Nilikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Nilimweleza mama vizuri kabisa: nafasi zimejaa, mpaka mtu aache yake ndipo nami niitwe. Mama akasema ukishaandikwa umeingia, mengine ni ya Mungu.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Michango ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti wa jumuiya ilikuwa karibu kuanza, harusi kubwa ya kwenda mpaka Bunda, na kila mtu alijua ikianza hiyo, mimi sitapata hata kijiko. Kwa hiyo wakaniwahi. Ndoo, beseni, mashuka, chandarua, pasi. Shangazi yangu, dada yake baba, alitoka Suguti na tranka jipya la bati, la bluu, na kufuli lake. Nikapigwa picha nimesimama kando yake, natabasamu kama mjinga.

Simu ya chuo haikuja. Kila nilipopiga mimi, yule baba wa ofisi ya udahili alijibu kwa upole ule ule, "Listi ndefu, binti, subiri," mpaka nikauchukia upole wake. Muhula ukaanza bila mimi. Nikawa nageuza dagaa wa mama juani, na kila apitaye njiani ananiuliza, "Nesi, bado upo?" Nipo! Kwani mnaona mzimu? Wengine waliniletea watoto wenye homa niwatazame. Nikiwaambia sijui kitu, nendeni zahanati, wanaondoka wamenuna, eti nimeanza maringo hata kazi sijapata.

Kisha wakaanza kuazima. Wa kwanza alitaka ndoo, bintiye amejifungua. Wa pili mashuka, wamepata wageni. "Si hujaenda bado," walisema, "ukiitwa tutakuletea." Chandarua kikatoka, pasi ikatoka. Mama aliwapa kila kitu huku akicheka nao, nami nikabaki na tranka tupu. Hilo nililing'ang'ania. Niliona likiondoka na hilo, basi na chuo ndiyo kimeondoka.

Shangazi alikuja asubuhi moja, hata chai hakumaliza. Binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni huko Butiama, na huko mtoto haendi bila tranka.

"Nimefuata ile tranka, mwanangu. Wewe ulikuwaga wa kwenda, sasa si uko tu hapa?"

"Shangazi, ulinipa au uliniazima?"

"Ndivyo unajibuga watu? Ndiyo maana huko chuo hawakutaki."

Nikakaa juu ya tranka. Nikamwambia akilitaka atanibeba nalo. Nilimtazama mama, nikitegemea aseme neno moja tu upande wangu. Mama alifunga mlango wa mbele, akashusha sauti.

"Nenda nayo," aliniambia. "Panda bodaboda na tranka yako mchana huu huu, watu waone. Nimeshawaambia wa jumuiya kwamba umeitwa. Utakaa Suguti kwa shangazi yako, tranka umwachie, mpaka chuo kiite kweli. Nimechoka kuulizwa, mwanangu. Wananichekaga."

Muda wote ule nilidhani tunasubiri pamoja, kumbe mwenzangu ananionea aibu. Nikavaa gauni langu la kanisani kama alivyotaka, nikatoka.

Dereva wa bodaboda alipokuwa analifunga tranka kwa mpira, wanawake walishajaa njiani. Vigelegele. Yule wa ndoo alikuwa mbele kabisa, anaimba kuliko wote. Mmoja akanikumbatia na kuninong'oneza, "Ukirudi utuchome sindano vizuri, nesi wetu." Hapo nikapasuka.

"Siendi chuo!" nilipaza sauti. "Sijaitwa! Naenda kulima mihogo Suguti, na hii tranka siyo yangu tena. Aliyewaambia nimeitwa ni mama. Muulizeni!"

Vigelegele vikakatika. Wote wakageuka kumtazama mama mlangoni. Hakunitukana, hakulia. Aliingia ndani, akafunga, na nikasikia komeo.

Nafasi niliipata mwaka uliofuata, baada ya kuomba upya nikiwa huko huko Suguti. Nilimpigia mama kumwambia siku ya kuripoti. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine nimemwambia. Nikasema hapana.

"Basi usimwambie mtu," alisema. "Na usipite huku."