Aliyeita Mara ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto, kule Najma, Doha, nilimsaliti baba yangu kupitia tundu la ufunguo, nikiwa nimejifunga kanga ya bibi kichwani na sina kingine mwilini ila chupi. Joto lilikuwa kali, kweli, lakini umri ule nilishaanza kuringa mbele ya wasichana wa jengo letu.

Siku hiyo vumbi lilikuwa limeifunga Doha nzima. Jengo la jirani halikuonekana, na mchana ule mwanga chumbani ulikuwa wa rangi ya chungwa, kama tumo ndani ya chupa ya soda. Shule ilifungwa. Mama alikuwa na mapumziko yake. Tukaziba chini ya mlango kwa mataulo yaliyoloweshwa, mama akapika chapati, na mchanga ukatukwaruza meno kila tulipotafuna. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Baadaye nimefungiwa na theluji nchi za watu, nikaona familia zinavyofurahi barabara zikizibika, nikajisemea: hawa hawajaonja chapati ya vumbi.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Al Rayyan. Alirudi alfajiri, akaanguka mkekani katikati ya chumba, nasi tukawa tunamruka kwenda jikoni. Sikuwahi kumwona amelala mchana. Mama alizima simu ya baba akaifukia kwenye ndoo ya unga.

"Leo nataka mume," alisema. "Dereva wamtafute kwingine."

Bibi, mama yake baba, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa na sheria yake. Akanishika sikio ili iingie vizuri.

"Sele, upepo wa namna hii una wenyewe. Ukisikia mtu anaita mlangoni, usiitike. Anayeita mara ya kwanza ni upepo. Mara ya pili ni shetani aliyeupanda. Binadamu huita mara ya tatu. Ukiitika kabla, atachukuliwa mtu humu ndani."

"Nani, bibi?"

"Anayependwa."

Haikupita muda mlango ukagongwa. "Baba Sele! Uko ndani?"

Bibi akaweka kidole mdomoni. Mama akaganda na mwiko mkononi. Na mimi, niliyejiona kijana wa mjini, nikainama kwenye tundu la ufunguo nikapaza sauti: "Yupo! Amelala! Na simu tumeificha kwenye unga!"

Kule nje Mkenya mmoja, dereva mwenzake baba, akacheka kwa huzuni.

"Aki wewe kijana! Si ungenyamaza tu! Ningewaambia nimekosa mtu. Sasa amka, Baba Sele. Bosi anataka kupelekwa kwa mamake, na kwa hii vumbi anakutaka wewe pekee."

Baba akaamka. Hakunigombeza. Alivaa viatu macho yakiwa bado yamefumbwa, mama akamfunga kilemba puani, na bibi akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka.

Alirudi jioni, masharubu meupe kwa vumbi, macho mekundu. Aliomba chapati yake, akalala nayo mkononi kabla hajaimaliza. Kesho yake anga likatakata, akaenda kazini kama kawaida. Siku nyingine ya namna ile hatukuipata.

Sasa nami ni baba, na uchovu ule naujua kwa jina. Nikifika nyumbani natamani mtu anifukie mimi kwenye unga, simu ibaki nje.

Juzi nilimpigia bibi Tanga. Kwa ujuzi wangu wa kutembea dunia nikamwambia nimemgundua: hapakuwa na shetani wala nini, yeye na mama walitunga hila tu ili mwanawe apate usingizi.

Bibi akakohoa.

"Uliitika mara ya kwanza, baba yako akachukuliwa. Unataka shetani gani mwingine?"