Mbwa wa Polisi Aliyesindikiza Wezi

Usiku ule nililala nimenuna, mume wangu nimempa mgongo, na sababu ilikuwa mbwa. Nieleze kidogo kwanza, maana ndoto niliyoiota, bila Jenerali, haina kichwa wala miguu.

Jenerali ni mbwa wa Kijerumani, wale wanaotumiwa na polisi: masikio wima, mgongo mweusi, kifua kipana. Baba Anitha, mume wangu, alimleta hapa kwetu Njombe akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kapu, akatangaza kwamba kuanzia siku ile kuku wetu wana mlinzi. Akampa jina hilo la kijeshi, akapigilia kibao cha MBWA MKALI getini kabla mbwa mwenyewe hajaota meno ya maana. Mimi niliamini kabisa. Kila mtu alituambia kwamba mbwa wa aina ile ukali umo kwenye damu, huna haja ya kumfundisha.

Basi hiyo damu kwa Jenerali sijui ilipitia wapi. Mgeni akipiga hodi, yeye ndiye anayetangulia kumkaribisha, mkia unazunguka mpaka kiuno kinayumba. Tukaomba ushauri, nao ushauri wa mbwa huku kwetu haukosekani. Tukaambiwa mchana tumfungie gizani asizoee sura za watu, na jioni tumchanganyie pilipili kichaa kwenye ugali, kwani mbwa akila pilipili anakuwa mkali. Tukamfungia, akafanya urafiki na kuku kupitia upenyo wa mbao. Tukamlisha pilipili, akapiga chafya, akamaliza maji ya ndoo nzima, kisha akaja kunilamba mkono uliomlisha. Mkono ukaniwasha mpaka nilipolala.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ndugu yake wa tumbo moja yuko kwa jirani yetu, fundi cherehani, na huyo ni moto wa kuotea mbali. Anaitwa Kimbunga. Fundi mwenyewe humsukumia sahani kwa fimbo ya ufagio. Halafu hapo hapo kwetu yupo Mtasema, jike wa kienyeji niliyemwokota sokoni, miguu mifupi, sikio moja limelala. Jina hilo nilimpa kwa ajili ya majirani waliocheka nilipokuja naye. Tulimweka jikoni alale penye joto, kwa sababu nani atamtegemea mbwa wa aina ile kulinda kitu?

Wezi walipokuja, Mtasema alibweka huko jikoni mpaka sauti ikamkauka. Sisi tuko chini ya blanketi tunasikia. Baba Anitha akasema, "Mbona Jenerali kanyamaza? Basi hakuna kitu." Tukalala. Asubuhi tukakuta banda la kuku tupu, na habari yote imeandikwa kwenye tope: nyayo za watu kwenda barabarani, na nyayo za Jenerali pembeni yao, hatua kwa hatua. Halafu nyayo za Jenerali peke yake, zinarudi nyumbani. Aliwasindikiza.

Ndipo Baba Anitha akampata mfanyabiashara wa mbao wa Makambako aliyetaka mbwa wa sura ile amfunge mnyororo kwenye uwanja wake wa mbao, usiku na mchana, watu wamwogope. Naye angetuletea mbwa mwingine, mkali kwelikweli. Angekuja kumchukua asubuhi. Nilikubali kwa hasira, halafu nikanuna kwa kuwa nimekubali. Nikalala hivyo.

Sikumbuki nilivyotoka kitandani. Nilisikia harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi ya kwetu, harufu ya ulanzi mtamu uliogemwa asubuhi, nikaifuata. Nje ni mchana, jua linawaka na ukungu bado haujaondoka. Ua ni wetu, lakini pale penye banda la kuku kuna kilabu cha Bibi Leokadia, mama yake mama yangu, na Bibi mwenyewe yuko mlangoni na sweta lake la kijani lililofumuka kiwiko. Amekufa tangu nikiwa shule ya msingi. Katika ndoto hilo halikunishangaza hata kidogo. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa mfupi kuliko mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, somo yangu. Pisha kidogo, wateja wanasubiri."

Ananiita somo kwa sababu jina langu ni lake. Nilipozaliwa nilipewa Leokadia, na ukoo mzima ukakaa kusubiri ukali utoke, maana Bibi alisifika. Wanaume wazima walikuwa wakimwona na fimbo yake wanamaliza pombe upesi na kwenda kulala kwa wake zao. Mpaka leo, pakiwa na mgogoro wa posa au wa shamba, shangazi zangu husema, "Mpelekeni Leokadia akafoke, ana damu ya Bibi." Napelekwa. Nikifika, midomo inaanza kunitetemeka na machozi yananitoka kabla sijasema habari za asubuhi.

Naingia kilabuni. Mabenchi yamejaa, na wote waliokaa ni mbwa, wametulia, kila mmoja na kikombe chake mbele. Jenerali anapita katikati yao amebeba kata ya kuchotea mdomoni, hamwagi hata tone, na kila anayepitiwa anasogea kumpa nafasi. Mtasema yuko mlangoni, amejifunga kanga, anamnusa kila anayeingia, na mmoja anamrudisha alikotoka bila maelezo. Namtafuta Kimbunga. Namwona chini ya benchi la mwisho, amejikunja, uso kauficha kwenye mkia, anatetemeka.

Bibi anainama, anamwekea kikombe taratibu, anarudi nyuma.

"Huyu anabweka kwa woga," ananinong'oneza. "Usimwambie fundi, atamcheka."

Nataka kucheka mimi, lakini mlangoni pametokea mlevi, mtu kweli, mrefu, anatukana mwenye nyumba na waliomo. Mtasema anabweka. Mbwa wote wanageuka. Bibi anaichukua ile fimbo ya ukutani, fimbo ninayoijua kwa sifa tu, anaiinua juu, nami nafumba macho kwa sababu sipendi kuona mtu akipigwa. Nasikia mlio mkubwa ajabu. Nafumbua macho. Fimbo imetua kwenye benchi, pembeni kabisa mwa yule mtu, na yeye anaondoka ameinama, anaomba radhi, hana hata alama.

Bibi anakuja kwangu, anauchukua mkono wangu, anauweka kifuani pake juu ya sweta. Moyo unamwenda mbio.

"Sikumpiga mtu hata siku moja," anasema. "Nilipiga benchi. Halafu nilikwenda nyuma ya mianzi, nikatetemeka mpaka nikamaliza."

"Lakini Bibi, kila mtu anasema..."

"Walikuwa wanaangalia fimbo."

Nafurahi kupita kiasi. Sijui niseme vipi furaha ile. Ni kama kuvuliwa kiatu kilichokuwa kinabana. Na papo hapo tuko kwenye mianzi yenyewe, mvua nyepesi inanyesha, ulanzi unadondoka kwenye vibuyu, ta, ta, ta. Nalia, nacheka, namwambia kwamba wamenipa jina lake nami miaka yote nimeshindwa kulifanyia kazi. Bibi ananitazama kwa yale macho yake madogo ya kejeli.

"Jina ni la kuitikia tu, mama. Nani alikuambia ni la kuvaa?"

Nataka kumjibu, lakini mkononi mwangu kumbe kuna kamba. Upande wa pili amefungwa Jenerali. Amekaa kwenye majani mabichi, ananitazama, anaupiga mkia chini. Nageuka kuangalia kamba inakoishia, naona haiishii mkononi mwangu; imenizunguka kiunoni na kuendelea, na kule mwisho wanavuta shangazi zangu wote, wamevaa sare za harusi, wanaimba kwamba twende, twende nikafoke. Nachekeshwa na vilemba vyao. Bibi hacheki. Anapiga magoti kwenye tope, anaanza kulifungua fundo la shingoni kwa Jenerali, na anapolifungua lile, la kwangu nalo linalegea.

"Nimekuja kwa hili tu," anasema bila kuinua uso. "Kukipambazuka, kabla hujamsemea neno, mtazame yeye. Ukoo wake uache ulipo."

Kisha anampapasa Jenerali nyuma ya sikio, anajipangusa magoti na kuanza kurudi kilabuni, analalamika kwamba mbwa wa benchi la mbele watakunywa bila kulipa. Nataka kumsindikiza. Jenerali ananitangulia.

Niliamka kwa honi. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na Baba Anitha hayupo kitandani. Nilijitupia kanga mbili, nikatoka miguu mitupu hadi uani, moyo unadunda kama ule wa Bibi. Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama getini. Mfanyabiashara wa mbao, mtu mnene mwenye koti la ngozi, alikuwa ameshaingia, na Baba Anitha alikuwa ameshamfunga Jenerali kamba, ila alikuwa ameiachia chini apate kusalimiana na mgeni.

Nikakumbuka nilichoambiwa. Sikuangalia masikio wala kifua. Nilimtazama yeye.

Jenerali aliinusa ile kamba iliyolala chini, akaiokota kwa meno, akaenda nayo moja kwa moja kwa yule mtu wa mbao, akamwekea mkononi. Alidhani wanakwenda kutembea. Alikaa miguuni pake, akainua uso, akasubiri kwa furaha waondoke. Alikuwa hamwogopi mtu yeyote duniani na hakutaka mtu yeyote amwogope. Hiyo ndiyo hali yake, na tulikuwa tumeilisha pilipili.

"Haendi," nikasema.

Sikupaza sauti. Nilisema kwa sauti yangu hii hii ndogo ambayo shangazi zangu wanaisikitikia, na machozi yalikuwa yananitoka kama kawaida yangu. Lakini wanaume wote wawili waligeuka.

"Mama, tulishakubaliana na mzee," alisema mtu wa mbao, kwa upole. "Na mbwa wa aina hii wameumbiwa kazi, wewe unamdekeza tu. Nikimfunga mnyororo mwezi mmoja, utasikia sifa zake."

"Samahani sana, kaka, tumekusumbua umetoka mbali. Wa aina hii siwajui wote. Huyu namjua, na haendi."

Alimtazama Jenerali, Jenerali akamlamba vidole. Mtu wa mbao akajikuta anamkuna kichwa, akacheka mwenyewe. "Kweli huyu kwangu angeniuzia mbao zote kwa bei ya salamu," alisema, akamrudishia Baba Anitha kamba. Nikamwambia asiondoke bila chai.

Baba Anitha alibaki ameshika kamba, ananitazama kama mtu aliyekuta mlango mpya katika nyumba yake.

"Mama Anitha, na kuku watakaokuja nani atawalinda?"

"Mtasema. Alituambia, sisi ndio tulikuwa tunamsubiri mwingine aseme. Leo analala bandani, na akibweka, tunaamka."

Alifikiri kidogo, akainama, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza, alihangaika nalo, huku Jenerali akimpumulia usoni.

"Bibi anakusalimia," nikamwambia.

"Bibi yupi? Yule mkali?"

"Hapana," nikasema. "Yule mwenyewe."