Niliandika malaria ambayo sikuiona: homa ya binti yangu, Kibondo miaka ya tisini

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine poleni na majukumu.

Hii si chai. Ni mambo yangu mwenyewe na yananiaibisha, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Miaka hiyo nilikuwa mpimaji wa damu kwenye zahanati moja Kibondo. Wakimbizi walikuwa wengi, homa nyingi, hadubini moja.

Niwape siri ya kazi. Mtu ametembea na mtoto tangu alfajiri, halafu umwandikie "hakuna wadudu"? Anakuona hujui kazi. Atakwambia malaria imejificha.

Basi tukazoea kuandika 1+, yaani wadudu wachache, hata tusipoona kitu. Anapewa dawa, anarudi kwake ameridhika. Wala sikuona kosa.

Zamu ikafika kwangu. Binti yangu Ester, miaka minne, alishikwa na homa kali. Klorokwini, dawa ya malaria ya wakati ule, alimaliza, akabaki anajikuna tu, homa ipo palepale, chakula hataki.

Nikampima mara tatu. Damu safi.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba Ester, kama hakuna wadudu, huu moto unatoka wapi?"

Nilichotaka ni achomwe kinini, na daktari wa zamu hakuwa anatoa kinini bila karatasi ya maabara. Karatasi ninaandika mimi. Nikaandika 1+.

Pale maabara tulikuwa na Mrundi mmoja, mkimbizi, tukimwita Mwalimu. Kwao alifundisha baiolojia chuo kikuu. Kwetu alikuwa anaosha slaidi, maana vyeti vyake viliungua na nyumba. Mtu mpole, ila macho yake hayapitwi na kitu.

Akaiona karatasi. Akainamia hadubini muda mrefu, kisha akanisogezea kiti.

"Nioneshe huyo mdudu, ndugu yangu."

Wakuu, niliinama pale nikatafuta kitu ambacho nilijua hakipo.

Nikamuuliza swali lilelile la mke wangu. Akasema moto ni wa mtoto mwenyewe, huenda mwili wake unapambana na kirusi.

Alinieleza hivi, nami nawapa nilivyoelewa. Kirusi kikiingia ndani ya seli, kuna enzymes, yaani vimeng'enya, zinazokitambua. Moja inaibandika nyingine alama ndogo ya fosfeti, nayo inaamka na kuibandika ya tatu, hadi habari ifike kwenye kiini cha seli. Hapo seli inatoa interferon, inayowaonya majirani wajifunge kabla hawajavamiwa. Ni kama kwao milimani, alisema, nyumba ikishika moto, mlima mmoja unapiga yowe, wa pili unapokea. Habari ikifika kwenye ubongo, joto linapanda.

Kuna enzymes nyingine kazi yake ni kufuta zile alama, yowe linyamaze. Lisiponyamaza, mwili unajiumiza wenyewe.

"Kinini haijui lugha hiyo," akasema. "Inamjua mdudu wa malaria tu. Na mtoto asiyekula itamshushia sukari. Tumpe maji, tumtazame."

Nilichana karatasi. Nilikuwa naogopa, siwadanganyi. Kumwambia mke wangu tusubiri kulikuwa kugumu kuliko kumchoma mtoto sindano.

Kesho yake vipele vikatokea nyuma ya masikio. Surua. Chanjo yake ilitupita tulipohama kutoka Kasulu.

Akatengwa na wenzake, akapewa vitamini A na maji ya chumvi na sukari. Siku ya tano aliomba ugali wa muhogo. Mke wangu alilia, nami nikatoka nje ili asinione.

Kama ile 1+ ingefika kwa daktari, angelazwa wodi ya malaria katikati ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Naachia hapo, mnaelewa surua inavyoambukiza.

Nilichojifunza: homa siyo ugonjwa, ni taarifa. Na mpimaji akiandika asichokiona, anamfunga macho kila anayemfuata.

Wa maabara na wauguzi mliomo humu, mmewahi kuandika hivyo? Semeni bila kuogopa, mimi nimeshaanza.

Na kama yupo anayemfahamu mama mmoja wa Kumsenga, alikuja na mtoto wa kiume mgongoni wiki mbili kabla ya Ester kuugua, akanishukuru sana kwa kumwona mdudu, amfikishie ujumbe. Sikumwona mdudu yeyote. Naomba kujua kama mtoto alipona.