Nilivunja Uzi wa Kioo, Rafiki Yangu Akafukuzwa

Mnisitiri jina, huku kwetu Bangwe, kando ya ziwa, tunajuana. Nina miaka 31, sijaolewa, ni fundi wa maabara moja Ulaya. Nipo likizo kwa mama.

Kule tunatengeneza mtambo mkubwa wa kunasa chembe zisizoonekana kwa macho. Ndani yake kuna baridi kuliko friza, kwa hiyo unyevu ukiingia, maji yanaganda juu ya saketi za umeme na kuziharibu. Ndiyo maana tunapitisha nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopima unyevu kwa mwanga. Vipimo vya kawaida haviwezi kustahimili mionzi ya humo.

Nilikuwa na mwenzangu wa Bujumbura, nimwite Aline. Yeye na Kirundi chake, mimi na Kiha changu, tulielewana kama tumbo moja. Siku moja nilikunja uzi kupita kiasi kwenye kona, nikausikia ukikatika vidoleni. Msimamizi alikuwa anatuhimiza tufunge mtambo. Aline ndiye mkaguzi, akaniuliza, "Umeupima?"

"Nimeupima, uko sawa."

Akasaini kwa kuniamini mimi.

Mtambo ulipowashwa, unyevu uliingia upande ule bila mtu kujua, maana uzi wa pale haukupima kitu. Saketi za miaka ya kazi zikafa. Walipofungua wakakuta uzi umekatika na saini ya Aline kwenye fomu. Alitoka ofisini analia: "Labda sikuangalia vizuri." Nikamkumbatia. Ukweli nikauficha. Mkataba wake ukasitishwa.

Sasa juzi amekuja kwa boti kutoka kwao kunisalimia. Mama kampikia ugali na mgebuka, samaki wa ziwa letu, naye anashukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mama" kila dakika. Baada ya kula akaniambia, "Dada, kuna chuo kwetu kinatafuta fundi. Niandikie barua, useme nilikuwa makini kazini. Wewe ndiye unayenijua."

Nikakimbilia jikoni, nikamweleza mama kila kitu. Nilitegemea atanigombeza. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Funga mdomo, mwanangu. Ukifukuzwa na wewe, wadogo zako watasomeshwa na nani?" Halafu akatoka na chai, akamkaribisha Aline kwa tabasamu. Hilo tabasamu limenitisha kuliko maneno yake.

Jumamosi Aline anaondoka. Barua nimeianza mara nne, nikifika kwenye neno "makini" naichana. Nikimwandikia na kunyamaza, nitakuwa nimemsaidia au nimemzika? Nikisema ukweli, mama atanisamehe? Nitukaneni mkitaka, lakini kabla ya Jumamosi mniambie: nianzie wapi?