Mutu wa gazi ya Ndosho

Hapana, gazi haikumuua. Najua ndiyo mutauliza kwanza, ninyi munaosomaga maneno yangu hapa, ju hata miye, wakati dada yangu alinipasha habari, ile tu ndiyo ilinitoka mudomoni. Alikufa juma iliyopita kwake Kiwanja, katika kitanda yake, muzee kabisa, bibi aliyeoa kule anamushika mukono, kisha kunywa uji na kulalamika kama sukari ni kidogo. Kule Kiwanja wanamulilia kama muchuuzi wa viazi. Sisi wa Goma ya miaka ya sinkanti, ndiyo hamsini, mbele ya uhuru, tunamulilia kama mutu wa gazi.

Alitokeaka upande wa Ziwa Tanganyika, kule alitumikaka ndani ya shimo ya makala ya mawe, ile makaa yenye kuchimbwa chini. Kazi yake ilikuwa kutoboa makala mbele wenzake wachimbe, gazi, ile hewa yenye kujificha mule, itoke polepole, isilipuke na watu ndani. Alipofika Goma alikuwa anakuja kula kwetu, na akianza kueleza, chakula inapoa. "Mama," anamuambia mama yangu na ile sauti yake ya puani, hata leo naiweza, "makala iko na mishipa midogo-midogo. Gazi inatembea mule. Lakini kule chini mulima inaikalia, mishipa inabanana, na maji inaziba ile yenye kubakia. Unavuta maji kwanza, makala inapumua, gazi inakuja." Halafu anajifanya muzungu wake wa kazi, mikono kiunoni: "Weye iko natoboa mbio-mbio, miye iko nafukuza weye." Mama yangu, mujane wa Kibumba, mutu hachekake ovyo, alichekaka mupaka machozi.

Sasa, huyu mutu alimutaka dada yangu, na ng'ombe ya mahari hakukuwa nayo, hata mukia. Tulikuwa tunakaa Ndosho, ile wakati ni mawe ya volkano na majani tu, na nyuma ya nyumba kulikuwa shimo ya mazuku, pahali hewa mubaya inatoka chini, mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Siku moja akaenda kuiangalia, akarudi uso inangara. "Mama, kwetu tunabembeleza makala ndiyo itoe gazi. Huku mawe yenu ina matundu kama eponji ya kuogea, inatoa yenyewe. Nitakupikisha na hii gazi. Hautabeba kuni tena."

"Ile hewa inaua, mwanangu."

"Hata ya kwetu inaua. Ni ndugu moja."

Mama akafikiri mugongo yake na ile mizigo ya kuni. Akasema mbele ya baba mudogo wetu: "Ukiivisha maharagi yangu na ile hewa, chukua mutoto. Ng'ombe sitakuuliza." Dada yangu alikuwa anachambua maharagi. Aliinama, akachekea ndani ya ungo. Miye nilimuona.

Basi, dimanshi moja, siku ya Mungu, kisha misa, majirani wakajaa. Alikuwa amefunika ufa ya shimo na pipa, amepaka udongo wa nyungu pembeni kote hewa isitorokee pengine, amevuta tiyo, bomba ya chuma, mupaka kwenye mafiga, sufuria ya dada yangu juu. Ukitega sikio, tiyo inapuliza kweli. Akawasha kiberiti, ikazima. Ingine, ikazima. "Labda imelowa," baba mudogo akasema, mutu wa huruma. Akachukua kuni yenye kuwaka kwa jirani, akaisukuma kwenye mudomo ya tiyo, ikakufa kama imetiwa ndani ya maji. Jirani mumoja nyuma akasema, "Huyu ametuchimbia kisima isiyo na maji."

Hakukuwa mujinga, musifikiri vile. Ju ya mawe alisema kweli tupu: yetu inapitisha hewa kuliko makala yoyote. Ile ya makala inawaka, hii ya mazuku inazima moto. Aliuliza muzuri sana namna gani inapita, hakuuliza nini inapita. Miye sikufikaka mbali kalasini, lakini naona wote tuko vile. Walipopanua barabara ya Rutshuru tulicheza ju ni pana, hakuna aliyeuliza nani atapita mule. Na wajukuu wangu wananisifia telefone ju inashika muzuri. Nikiwauliza mulisemezana nini saa muzima, wananiangalia kama mbuzi.

Pale kwenye mafiga, hata hivyo, maneno haikuwa imeisha. Mama alikuwa anacheka, na mama akicheka analegea. Baba mudogo alianza kusema mutu wa namna hii ng'ombe zake zinaweza kungoja. Ikabakia dada yangu. Mutu wetu akamugeukia, masizi kwenye pua, ile sauti yote ya puani imeisha. "Unipe mwezi moja tu. Nitatoboa chini zaidi."

Dada yangu alimupenda, hata leo sibishani na mutu ju ya ile. Akafunua sufuria, akaangalia maharagi ndani ya maji ya baridi, akaishusha.

"Miye niko na njaa leo."