Mistari ya Chupa ya Serumu

Shuleni, kule mjini Baraka, nilichukia yale mahesabu ya bomba na pipa: maji yanatoka kwa mwendo uleule, pipa litakauka saa ngapi? Nani huku kwetu amewahi kuona bomba la namna hiyo?

Mimi niliyaona maji ya namna hiyo hospitalini kule Nundu. Pale jamaa ndio hulinda serumu, yale maji ya kutundikwa ya mgonjwa wao. Chupa ikiisha, wanamuita muganga wa zamu. Mama alikuwa amelala. Mimi na mama mudogo, ndugu yake, tulikaa kando ya kitanda, macho juu.

"Itaisha saa ngapi, we mwenye ulisoma?" akaniuliza.

Kila saa maji yalishuka mstari mmoja wa chupa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na mistari mitatu imebaki.

"Saa sita," nikasema, na moyoni nikajisifu.

Tukaendelea kuitazama chupa, tone kwa tone, tusije tukapitiwa.

Saa sita kamili ikaisha. Nikakimbia kumuita muganga. Alipofika hakuiangalia chupa hata kidogo. Alimgusa mama shingoni, kisha akatugeukia.

"Huyu mama alikufa saa ngapi?"